Kimo cha Mwendeshaji na Tumbo la Pikipiki

Barabara ya udongo inayotoka Sake, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, hupanda milima ya Masisi na kupita Kilolirwe kabla ya kufika Burungu na, mbele kidogo, mji wa Kitshanga, ambako njia hugawanyika na mojawapo huelekea Mweso na hatimaye Pinga, pale Masisi inapopakana na Walikale. Majira ya mvua yanapoanza Septemba malori hukwama kwa siku kadhaa, na chombo kinachoendelea kutembea ni pikipiki, ambayo wenyeji huiita moto kwa kufuata Kifaransa, na anayeiendesha huitwa motari. Ndiyo inayobeba mjamzito kwenda hospitalini, chanjo kwenda zahanati, maharage na jibini kwenda sokoni. Na tangu Kitshanga ilipotekwa na waasi wa M23 tarehe 26 Januari 2023, ndiyo iliyobeba pia familia nyingi zilizokimbia na magodoro yao. Chombo chenye kazi nzito kiasi hicho kinastahili kumkaa sawasawa anayekiendesha, lakini kwa watu wengi wa eneo hili hakimkai, kwa sababu kiti kiko juu mno kuliko miguu yao.

Chanzo cha tatizo hili ni rahisi kukieleza. Pikipiki zinazofika Kivu Kaskazini hutengenezwa mbali: Boxer hutoka kwa kampuni ya Bajaj ya Pune, TVS hutoka Hosur kusini mwa India, na zile za njia mbovu ambazo mashirika ya afya na ya misaada huzipendelea hutoka kwa kampuni za Kijapani kama Yamaha na Honda. Yamaha XTZ 125, kwa mfano, ina kiti kilicho milimita 840 kutoka ardhini na uzito wa kilo 118 hivi ikiwa na mafuta. Kwa upande wa pili, vipimo vya kimataifa vya kimo vinaonyesha kuwa mtu mzima wa Kongo ana wastani wa takriban sentimita 167 akiwa mwanamume na 155 akiwa mwanamke. Mguu wa ndani, yaani urefu kutoka kwenye kinena hadi kisiginoni, kwa kawaida haufiki nusu ya kimo cha mtu; kwa hiyo mwanamke wa sentimita 155 ana mguu wa ndani wa sentimita 71 hivi, naye anakabidhiwa kiti kilicho juu yake kwa sentimita 13. Ufupi huo si wa kurithi peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013 na 2014 uliwakuta watoto wapatao 43 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Kongo wakiwa na udumavu, yaani wamekuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, na pale vita vinapomkimbiza mkulima mbali na shamba lake hali hiyo haiwezi kupungua. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba pikipiki si ya kimo chake ni kumwongezea adhabu kwa jambo ambalo hakulichagua.

Inafaa kukumbuka pia kwamba nchi hii ina desturi yake ya kukipima chombo kwa mwili wa mtu. Chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo imejengewa sanamu mjini Goma, huchongwa na seremala kwa miti kama mkalitusi, na ubao wake huwekwa chini kiasi kwamba mwenye chukudu hupiga goti moja juu yake na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine bila kunyoosha kiuno. Mwenye chukudu mrefu na mwenye chukudu mfupi hawalazimiki kutumia usukani wa kimo kimoja. Fundi wa pikipiki anayekata sponji ya kiti kwa ajili ya mteja wake anaendeleza busara hiyohiyo ya seremala, ila anaiendeleza juu ya chuma ambacho hakukitengeneza yeye, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika.

Kabla ya kushusha chochote ni lazima ieleweke kwa nini mguu unaogusa ardhi una thamani. Pikipiki ikiwa katika mwendo hujisimamisha yenyewe. Ikisimama, au ikitambaa polepole katika tope, husimamishwa na mguu. Ikichukuliwa kwamba pikipiki, mwendeshaji, abiria na gunia dogo vina jumla ya kilo 250, na kwamba uzito huo umekusanyika sentimita 70 juu ya ardhi, basi pikipiki ikiinama digrii 5 tu uzito wote huwa umetoka sentimita 6 nje ya mstari wa matairi, na mguu uliowekwa sentimita 40 kutoka kwenye mstari huo hubeba kilo 38 hivi, mzigo ambao mtu mzima anaumudu. Ikiinama digrii 10, mguu huo hutakiwa kubeba kilo 76 hivi. Mtu ambaye vidole vyake hufika ardhini pale tu pikipiki inapokuwa imeshainama digrii 10 haanzi kuuzuia mzigo mpaka umeshakuwa mkubwa kuliko nguvu zake. Hii ndiyo sababu waendeshaji wafupi huangusha pikipiki wakiwa wamesimama, si wakiwa mbioni, na ndiyo sababu sentimita 4 zinaweza kutenganisha siku ya kawaida ya kazi na goti lililobanwa chini ya bomba la moshi.

Hata hivyo pikipiki haina kimo kimoja. Kuna kimo cha kiti, ambacho kinamhusu mwendeshaji, na kuna kimo cha tumbo, yaani nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya injini, fremu au sehemu za kuwekea miguu. Vimo hivi viwili vinaweza kushushwa pamoja au kimoja kikabaki mahali pake, na kosa linalofanywa mara nyingi ni kushusha vyote viwili kwa kuwa shokapu fupi hununuliwa na kufungwa kwa saa moja, ilhali kiti huhitaji fundi cherehani, kisu kikali na subira. Mjini penye lami kosa hilo halina gharama kubwa. Kwenye njia ya Burungu lina gharama kila siku ya mvua.

Sababu ni mifereji. Malori yanapopita katika udongo uliolowa huacha mifereji miwili iliyofuata magurudumu yake, na katikati yake hubaki tuta. Pikipiki ikipita ndani ya mfereji, kingo zake huwa juu kuliko pale tairi linapokanyaga, kwa hiyo hata mwenye miguu mifupi hufika bila taabu, lakini tumbo na sehemu za miguu huburuza kwenye kingo, na pikipiki iliyoshushwa hukaa juu ya udongo kama mtumbwi uliopwelewa, tairi la nyuma likizunguka bure. Pikipiki ikipita juu ya tuta, tumbo huwa salama, lakini mguu unaotafuta ardhi hutumbukia katika mfereji ulio chini kwa kina cha dhiraa nusu, na hapo hakuna shokapu fupi inayoweza kuufikisha. Kwa maneno mengine, kushusha tumbo hakumsaidii mwendeshaji mahali anapohitaji msaada zaidi, na humdhuru mahali ambapo hakuwa na shida. Pikipiki ndogo za abiria mara nyingi huwa na nafasi isiyofika sentimita 20 chini ya tumbo tangu zitoke kiwandani. Kuzipunguzia sentimita 4 ni kuzinyang'anya sehemu ya tano ya uwezo wake.

Kwa hiyo kazi ianze kwenye kiti. Kiti cha pikipiki ni sahani ya plastiki au ya bati, juu yake sponji, na juu ya sponji ngozi bandia iliyobanwa kwa pini. Mafundi wa viti wa eneo hili wanakifahamu vizuri, ingawa maombi wanayoyapata mara nyingi ni ya kinyume: motari huwataka waongeze sponji ili abiria wawili wakae, na kwa kufanya hivyo humwinua pia yeye mwenyewe. Anayetaka kushuka hufungua pini, huvua ngozi, na kabla ya kukata chochote huketi juu ya sponji iliyo wazi na kuchora kwa kalamu ya wino mahali mapaja yake yanapogusa. Mistari hiyo miwili ina faida kuliko rula yoyote. Upana wa kiti karibu na tangi ni muhimu sawa na unene wake, kwa kuwa mguu haushuki wima kutoka katikati ya kiti. Huzunguka kwanza ukingo wake, na kila sentimita inayoondolewa kwenye ukingo, upande huu na upande ule, huurudishia mguu sehemu kubwa ya sentimita hiyo. Fundi hodari hukata ukingo kwa mshazari kutoka juu kuja chini, kama anayemenya kiazi, na hushusha katikati kwa sentimita 3 tu, akiiacha sehemu ya abiria ilivyo. Sponji ikibaki chini ya vidole vitatu vya unene, mwendeshaji ataketi juu ya sahani kabla hajafika Kilolirwe, kwa hiyo iliyobaki inapaswa kuwa ngumu kuliko ya mwanzo. Ile laini ya godoro, ambayo hupatikana kwa urahisi, hufurahisha siku ya kwanza na kulala kabisa kabla mwezi haujaisha.

Hatua ya pili haikati kitu. Shokapu ni springi iliyozungushiwa bomba lenye mafuta. Springi hubeba uzito, mafuta huizuia isirukeruke. Pikipiki isiyo na mtu hukaa juu, na mwendeshaji akiketi huzama kidogo, na sentimita hizo za kuzama, ambazo zinaweza kuitwa mzamo, ni sehemu ya kimo halisi cha kiti. Vipimo vya kiwandani kwa kawaida havihesabu uzito wa mwendeshaji. Mafundi wengi huufuata mwongozo kwamba mzamo uwe karibu theluthi moja ya safari yote ya shokapu: tairi linaloweza kupanda sentimita 15 lizame sentimita 5. Mwendeshaji wa kilo 52 kwenye springi iliyokazwa kwa ajili ya abiria na gunia hazami hata sentimita 2, na hivyo hukaa juu kuliko mrefu mwenye kilo 80 aliyempokeza pikipiki hiyohiyo. Kwenye shokapu za nyuma zilizo mbili, chini ya springi huwa na pete yenye ngazi, na kuizungusha pete hiyo hadi ngazi ya chini huchukua dakika chache tu. Sharti lake ni moja, nalo ni la uaminifu: siku ya kubeba mzigo pete irudishwe juu, la sivyo shokapu itagota kila shimo na fremu itaanza kupasuka mahali ilipochomelewa.

Hesabu inaweza sasa kurudiwa kwa yule mwanamke wa sentimita 155 na ile pikipiki ya milimita 840. Mzamo uliorekebishwa humpa sentimita 5, kiti kilichokatwa humpa 3, ukingo uliopunguzwa humpa 2 au zaidi, na mabuti ya mpira, ambayo huku huvaliwa na karibu kila mtu wakati wa mvua, humwongezea 2 au 3 za soli. Hapo mguu wake haujafika ardhini pande zote mbili, wala hauhitaji kufika. Akisogeza kiuno upande mmoja anaposimama, mguu mmoja hukanyaga kwa nusu ya mbele ya wayo huku mwingine ukibaki kwenye breki ya nyuma, na mguu mmoja uliokanyaga kwa uhakika una faida kuliko miwili inayoning'inia kwa ncha za vidole. Tumbo la pikipiki limebaki karibu pale lilipokuwa.

Wako ambao kwao haya hayatoshi, na kwao shokapu yenyewe ndiyo itakayofupishwa. Basi ifupishwe kwa kujua kinachofuata. Kwenye pikipiki yenye shokapu moja ya katikati, inayofanya kazi kupitia vyuma viunganishi, milimita 10 kwenye shokapu huweza kuwa milimita 25 au 30 kwenye tairi, kwa hiyo kosa dogo la kipimo hukua. Nyuma ikishuka sentimita 3 na mbele ikabaki, pikipiki yenye umbali wa sentimita 130 kati ya ekseli zake huinama nyuma kwa zaidi ya digrii moja: usukani huwa mzito kugeuka, tairi la mbele huwa jepesi kwenye kilima, na taa hutazama juu, ikiwapofusha wanaokuja na kuyaacha mashimo gizani. Dawa yake ni kushusha mbele pia kwa kiasi kinacholingana, kwa kulegeza vishikio viwili vinavyobana mabomba ya shokapu za mbele na kuyapandisha mabomba hayo ndani yake. Hapa fundi asipime kwa macho. Anapaswa kuhakikisha kwamba shokapu zikibonyea hadi mwisho tairi na madigadi havigusi kishikio cha chini, kwa maana tairi likigusa hapo katikati ya mteremko husimama ghafla na mwendeshaji huruka juu ya usukani.

Nyuma nako kuna jaribio ambalo halipaswi kurukwa. Shokapu huondolewa, tairi huinuliwa kwa mkono hadi pale shokapu mpya ingelifikisha, na fundi hutazama kama linagusa madigadi, waya za taa au kisanduku cha betri. Katika safari hiyohiyo ya kuinua huangaliwa mnyororo: hukaza kuliko wakati wowote pale ekseli, egemeo la mkono wa nyuma na sproketi ndogo zinapokuwa kwenye mstari mmoja, na pale ndipo unapotakiwa kubaki na ulegevu kidogo. Mnyororo uliopimwa pikipiki ikiwa tupu, baada ya shokapu kufupishwa, mara nyingi hauko sahihi tena.

Njia moja inastahili kukataliwa waziwazi. Ni kuhamisha mahali shokapu inapofungwa kwa kuchomelea kipande cha chuma kwenye mkono wa nyuma, yaani ule uma wa chuma unaoshika tairi. Kwa mtu asiye na fedha za shokapu mpya inaonekana kuwa njia ya akili, na mchomeleaji hupatikana popote penye jenereta, lakini mabomba hayo ni membamba, joto huyadhoofisha kando ya mshono, na ufa huanza mahali ambapo tope hulizuia jicho lisione. Kinachokatika hapo ni chuma kinachoshika gurudumu, na nyuma ya mwendeshaji pengine ameketi mjamzito anayepelekwa Mweso. Hakuna sentimita zinazofaa kununuliwa kwa bei hiyo.

Kinachosahauliwa karibu kila mara ni standi. Standi ya pembeni ilikatwa kiwandani kwa kimo cha kiwandani. Pikipiki ikishuka sentimita 3, standi huwa ndefu, pikipiki husimama wima mno badala ya kuegemea, na upepo wa lori linalopita au mkono wa mtoto huiangusha upande wa pili. Standi ya katikati nayo huwa ngumu kuipandisha, kwa kuwa mwendeshaji mwepesi hulazimika kuinua tairi juu zaidi kuliko awali. Hapa kuchomelea kunaruhusiwa, kwa sababu standi haibebi gurudumu: hukatwa takriban kiasi kilekile kilichoshushwa, na mwisho wake huwekwa sahani ya bati nene yenye upana wa kiganja ili isizame kwenye udongo laini.

Suala la standi lina jibu jingine ambalo wafugaji wa Australia na New Zealand walilipata zamani. Yamaha iliwatengenezea pikipiki za AG, herufi zinazotokana na neno la kilimo, na kwenye AG100 na AG200 iliweka standi mbili za pembeni, moja kushoto na moja kulia. Milima ya Masisi ni nchi ya ng'ombe kama zile, na miteremko yake haimwulizi mtu standi yake iko upande gani. Mwendeshaji mrefu mwenye standi ya kushoto tu akisimama mahali ambapo mlima uko kulia hushuka na kuigeuza pikipiki. Mfupi hana uhuru huo, kwa sababu kushuka upande wa bondeni kunamtaka anyooshe mguu ambao tayari haufiki. Standi ya pili, iliyochomelewa kulia kwenye bomba nene la fremu na kuwekewa springi ya kuirudisha, humwezesha kuegemeza pikipiki upande wowote ulio juu, kukanyaga pale ardhi ilipopanda kumfuata, na kushuka hapo akiwa na gunia lake nyuma.